Sukari isiyo kisukari: minyororo midogo inayoendesha seramu ya damu yetu

Chukua kichupa cha damu iliyotoka sasa hivi mkononi mwa mgonjwa, kile chenye kifuniko chekundu, kisichotiwa dawa ya kuzuia kuganda. Kiache kisimame nusu saa. Damu itaganda na kujikunja, na mtaalamu wa maabara akishakizungusha kwenye mashine, donge jekundu litashuka chini na juu kitabaki kimiminika cha manjano, chepesi, kinachopitisha mwanga. Hiyo ndiyo seramu. Kwa macho ni maji tu yenye rangi. Kumbe katika kila lita moja yake mna gramu 60 hadi 80 za protini, na ukiiondoa ile inayoongoza kwa wingi, albumini, karibu zote zilizobaki zimebeba sukari.

Wengi wetu tukisikia sukari na damu vikitajwa pamoja, mawazo hukimbilia kisukari. Tuna sababu, maana ugonjwa huo umeshaingia karibu kila ukoo. Lakini sukari ninayoizungumzia hapa si ile glukosi inayoelea peke yake na kupanda mtu akishakula ugali. Ni sukari iliyofungwa kwenye protini na seli zenyewe, kwa mpangilio maalumu, kabla protini haijaachiwa kwenda kwenye damu. Protini ya namna hiyo huitwa glikoprotini. Ipo pia sukari ya namna ya tatu, ambayo hujibandika yenyewe kwenye protini kadiri glukosi inavyozidi, bila kimeng'enya wala utaratibu wowote. Hiyo ndiyo inayopimwa kwenye kipimo cha HbA1c. Msomaji aiweke akilini tofauti hii, kwa sababu kuna wagonjwa ambao kuichanganya kunaweza kuwaponza.

Ndani ya seli kazi huanza kwa kuunda mnyororo mmoja wa sukari 14, kati yake glukosi 3, manosi 9 na N-asetiliglukosamini 2. Mnyororo huo huhamishwa mzima mzima na kufungwa kwenye asidi amino iitwayo asparajini, tena si asparajini yoyote, bali ile ambayo hatua mbili mbele yake imekaa serini au threonini. Ukishafungwa, hupunguzwa. Glukosi zote huondolewa, manosi nyingi huondolewa, halafu seli huanza kujenga upya matawi mawili, matatu au manne kwa sukari nyingine: galaktosi, pengine fukosi, na kwenye ncha kabisa asidi ya sialiki, ambayo ina chaji hasi. Jambo linalonishangaza kila nikilifikiria ni kwamba mnyororo huu hauna kiolezo. Protini huundwa kwa kufuata maandishi ya jeni, herufi kwa herufi, lakini matawi ya sukari hutokana na vimeng'enya vilivyopo katika seli ile, siku ile, na hali ile ya mwili. Ndiyo maana protini mbili zilizotoka kwenye jeni moja zinaweza kutofautiana mavazi, na ndiyo maana mavazi hayo hubadilika mtu akiugua, akipata ujauzito au akizeeka.

Kwa muda mrefu wanakemia waliichukulia sukari hiyo kuwa uchafu uliobaki baada ya kusafisha protini. Mwaka 1938 Albert Neuberger alionyesha, kwa kutumia protini ya ute mweupe wa yai la kuku, kwamba sukari ile ni sehemu ya protini yenyewe na haiondoki kwa kusafishwa. Lakini kujua kwamba kitu kipo si kujua kinafanya kazi gani. Jibu la kwanza lililo wazi lilikuja miaka 30 baadaye, na waliolipata walikuwa wakitafuta jambo jingine.

Walikuwa Anatol Morell, aliyekuwa New York, na Gilbert Ashwell wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda. Protini waliyoishughulikia ni seruloplazmini, glikoprotini ya seramu inayobeba madini ya shaba, ambayo huwa pungufu kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa Wilson. Walitaka kuitia alama ya mionzi ili waifuatilie mwilini, na mahali palipofaa kubandika alama hiyo ni kwenye galaktosi. Tatizo ni kwamba galaktosi hufunikwa na asidi ya sialiki. Basi wakaiondoa asidi hiyo kwa kimeng'enya, wakabandika alama, wakaidunga protini kwa sungura. Seruloplazmini isiyoguswa hukaa katika damu ya sungura kwa siku kadhaa. Hii yao ilitoweka ndani ya dakika chache, na walipoitafuta waliikuta kwenye ini.

Wengine wangeona jaribio limeharibika na kuanza upya. Wao waliuliza kwa nini. Waliondoa na galaktosi iliyokuwa imefunuliwa, na protini ikarudia kukaa muda mrefu katika damu. Wakajaribu glikoprotini nyingine za seramu, wakaona mtindo uleule. Hatimaye ilieleweka kwamba seli za ini zina kipokezi kinachotambua galaktosi iliyo wazi na kuivuta ndani protini inayoibeba. Asidi ya sialiki ikiwa mahali pake, protini hupita salama. Ikidondoka, hata molekuli mbili tu kwa seruloplazmini moja, ini huikamata. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba sukari iliyo kwenye ncha inaweza kuamua protini iishi muda gani, na leo kipokezi hicho kinaitwa kwa majina ya wawili hao.

Faida yake imefika mbali kuliko walivyowazia. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, hukwangua asidi ya sialiki kwenye chembe sahani za damu kwa kimeng'enya chao. Kipokezi cha Ashwell na Morell huziondoa chembe hizo, na hilo huwakinga panya na mgando wa damu unaoua wakati wa maambukizi makali. Wengine wakatumia mlango huohuo kupeleka dawa. Inklisirani, sindano ya kushusha kolesteroli ambayo baada ya dozi za mwanzo huchomwa mara mbili tu kwa mwaka, hufungwa sukari inayofanana na galaktosi ili ini liichukue lenyewe.

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, awe Dar es Salaam au Nairobi, anakutana na kemia hii mara kwa mara bila kuambiwa. Figo zikifa, mwili hupungukiwa eritropoietini, glikoprotini inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, ndiyo sababu wagonjwa hao huchomwa sindano ya homoni hiyo. Karibu asilimia 40 ya uzito wake ni sukari. Insulini haina mnyororo wa sukari, kwa hiyo inaweza kutengenezwa na bakteria kwa gharama nafuu. Eritropoietini haiwezekani hivyo. Bakteria wa kawaida hawaifungi sukari ile, na isipokuwa na sukari yake huondolewa kwenye damu upesi mno. Ndiyo maana hutengenezwa na seli zilizotokana na ovari ya buku mdogo wa China, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake. Baadaye watengenezaji waliibadilisha kidogo ili ipokee minyororo mitano mikubwa badala ya mitatu, ikakaa mwilini takriban mara tatu zaidi. Idadi ya sindano ikapungua.

Niingie sasa kwenye glikoprotini inayotugusa zaidi sisi wa nchi za malaria na selimundu, yaani haptoglobini. Iligunduliwa Paris mwaka 1938 na Max Polonovski na Max-Fernand Jayle. Kazi yake ni kukamata himoglobini inayomwagika chembe nyekundu zinapopasuka. Ikishaishika haiiachii. Mwaka 2001 watafiti wa Denmark waligundua kipokezi kilicho kwenye seli za kinga ambacho huupokea mzigo huo wa pamoja na kuuondoa kwenye damu kwa dakika.

Kabla ya hapo, mwaka 1955, kijana Mwingereza aitwaye Oliver Smithies alikuwa Toronto, Kanada, akihangaika kutenganisha protini kwa umeme. Karatasi iliyokuwa ikitumika ilizinasa protini zikabaki njiani. Alikuwa ameona wengine wakitumia punje za wanga zilizoloweshwa, njia nzuri lakini ya kuchosha, kwani kila mara ulilazimika kukata vipande vingi na kupima protini ya kila kimoja. Smithies akakumbuka utoto wake, alivyokuwa akimsaidia mama yake siku ya kufua, na jinsi stachi ya kupigia mashati ya baba yake ilivyoganda ilipopoa. Akachemsha wanga wa viazi, akaumimina kwenye kibati, ukaganda. Aliposukuma seramu ndani ya mgando huo kwa umeme na kuutia rangi, mahali ambapo karatasi ilionyesha makundi matano ya protini yeye aliona mistari mingi zaidi.

Halafu akaona jambo jingine. Mistari ya watu haikufanana. Mwanzoni alidhani amepata njia mpya ya kutofautisha seramu ya mwanamume na ya mwanamke, lakini alipoongeza sampuli wazo hilo likaanguka. Tofauti ilikuwa ya kurithi, na protini iliyotofautiana ilikuwa haptoglobini. Kuna watu wa aina ya 1-1, wa 2-1 na wa 2-2, kutegemea walichorithi kwa baba na mama. Chombo kilichofumbua hayo ni wanga, ambao nao ni kabohaidreti. Smithies alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kazi nyingine kabisa ya jeni, ila mimi naona mgando ule wa stachi ungemtosha kuheshimiwa.

Mgando huo ulifika Afrika upesi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba jeni moja ya selimundu humkinga mtu na malaria kali, alishirikiana na Baruch Blumberg kupima seramu za watu wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1958 walichapisha kwamba kwa Wanigeria kulikuwa na watu wengi ambao haptoglobini yao haikuonekana kabisa. Watu hao hawakuwa wagonjwa mahututi. Sehemu ya maelezo ni urithi, lakini sehemu kubwa ni malaria. Kimelea kikipasua chembe nyekundu himoglobini humwagika, haptoglobini huitumikia na kuondoka nayo, na ini halijaweza kujaza pengo kimelea kimeshapasua nyingine. (Ni katika msako uleule wa tofauti za protini za seramu ndipo Blumberg alipokutana na alama iliyokuja kujulikana kuwa ni ya virusi vya homa ya ini B.)

Haptoglobini ikiisha, madhara ni ya kweli. Himoglobini iliyo huru hunyonya oksidi ya nitriki, gesi ambayo mishipa ya damu huitumia kujilegeza, kwa hiyo mishipa hubana. Nyingine huchujwa na figo na kuziumiza, na mkojo hutoka mweusi. Kwa mtu mwenye selimundu hali hii si ya siku ya homa tu. Chembe zake hupasuka kila siku, na haptoglobini yake mara nyingi huwa chini sana au haipo. Daktari anayefanya kazi kanda zetu akisoma majibu ya maabara yenye haptoglobini ya chini, anapaswa kuyasoma akijua anasimama wapi, kwani kiwango kinachoshtua Oslo kinaweza kuwa ni malaria ya wiki iliyopita huku kwetu.

Malaria inaigusa pia glikoprotini nyingine, orosomukoidi, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Mwili ukipata uvimbe au maambukizi, ini huimwaga kwa wingi. Orosomukoidi hupenda kushikana na dawa zenye asili ya besi, na kwinini ni mojawapo. Katika malaria kali, kwinini nyingi hushikwa nayo na inayobaki huru hupungua. Kwa hiyo zamani, kabla ya atesuneti kuchukua nafasi ya kwanza, mgonjwa mahututi aliweza kuvumilia kiwango cha kwinini katika damu ambacho kwa mtu mzima wa afya kingeleta matatizo makubwa. Mtu yeyote aliyewahi kuchomwa kwinini na masikio yakavuma anaijua dawa hiyo ikiwa huru.

Kisa cha malale ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Mbung'o hueneza vimelea vya Trypanosoma brucei, na spishi ndogo moja, brucei yenyewe, huua ng'ombe kwa nagana lakini haimwezi binadamu. Alphonse Laveran, Mfaransa aliyegundua kimelea cha malaria, alishaona mwaka 1902 kwamba seramu ya binadamu inaua vimelea hivyo. Sababu yake imekuja kufahamika baadaye sana. Kimelea kinahitaji heme, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma, nayo huipata kwa kipokezi kinachovuta ndani mzigo wa haptoglobini na himoglobini. Binadamu ana pacha wa haptoglobini, glikoprotini inayofanana nayo sana, ambayo hushika himoglobini lakini husafiri kwenye chembe za mafuta pamoja na protini iitwayo APOL1. Kimelea huvuta pacha huyo kama samaki avutavyo chambo, na APOL1 ikishaingia hutoboa matundu ndani yake hadi kife.

Spishi ndogo ya rhodesiense, inayosababisha malale ya upande wetu, katika maeneo ya Kigoma na Tabora, Uganda, Malawi na Zambia, imepata protini inayoikamata APOL1 na kuilemaza. Nako Afrika Magharibi, baadhi ya watu wamerithi APOL1 iliyobadilika. Angalau badiliko moja kati ya yaliyopo huishinda protini ya rhodesiense. Bei yake imejulikana mwaka 2010, pale watafiti walipoonyesha kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika waliorithi mabadiliko hayo kwa wazazi wote wawili wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Kwa hiyo vita vya kale na mbung'o vinaweza kumfikisha mtu kwenye mashine ya kusafisha damu Chicago, akichomwa eritropoietini yenye sukari.

Kingamwili nazo zina yao. Ile ya kawaida zaidi, IgG, ina mnyororo wa sukari kwenye shina lake, nafasi ya 297. Mwaka 1985 watafiti wa Oxford na wenzao wa Japani waliona kwamba kwa wagonjwa wa baridi yabisi mnyororo huo hupungukiwa galaktosi. Wakati wa ujauzito galaktosi huongezeka, na ndicho kipindi ambacho wagonjwa wengi hupata nafuu. Ukiondolewa fukosi, kingamwili hiyo hushikana kwa nguvu zaidi na seli zinazoua. Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake waliopata malaria wakiwa wajawazito huunda kingamwili zisizo na fukosi dhidi ya kimelea cha kondo la nyuma, ilhali chanjo ya protini tupu iliyojaribiwa haikuleta kingamwili za namna hiyo. Kwa wanaotengeneza chanjo hilo si jambo dogo. Kupima wingi wa kingamwili peke yake hakutoshi.

Transferini, mbebaji wa chuma, hupoteza baadhi ya minyororo yake kwa mtu anayekunywa pombe kwa wingi kwa wiki kadhaa, na maabara huitumia kama ushahidi. Transferini hiyohiyo ilimsaidia Jaak Jaeken wa Ubelgiji kuutambua, kwa pacha wawili wa kike aliowaeleza mwaka 1980, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kufunga sukari kwenye protini ipasavyo. Watoto wa namna hiyo huweza kuathirika ubongo, ini na misuli.

Nilimwomba msomaji aitunze tofauti kati ya sukari iliyofungwa kwa mpangilio na ile inayojibandika. HbA1c hupima glukosi iliyojibandika kwenye himoglobini katika maisha yote ya chembe nyekundu, yaani takriban siku 120. Kwa mtu mwenye selimundu chembe hizo haziishi siku 120. Nyingi hufa kabla hazijafikisha mwezi. Glukosi haipati muda wa kujibandika, kwa hiyo HbA1c yake inaweza kuonekana nzuri huku kisukari kikiendelea kumla. Damu ya kuongezewa nayo huvuruga majibu, maana unapima chembe za mtu mwingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na kwa matunzo ya sasa wengi wao wanafika utu uzima, umri ambao kisukari hubisha hodi.

Kipo kipimo cha seramu kinachowafaa zaidi, nacho ni fruktosamini, kinachopima glukosi iliyojibandika kwenye protini za seramu kwa wiki mbili au tatu zilizopita na hakitegemei uhai wa chembe nyekundu. Hospitali kubwa zinazohudumia kliniki za selimundu ziwe nacho. Nawe ndugu msomaji, kama una selimundu, au kama umeongezewa damu karibuni, na umeandikiwa HbA1c, mwambie daktari hali yako kabla hajaandika kwamba huna kisukari. Umwombe apime na glukosi ya asubuhi kabla hujala kitu. Mashine yake ndogo ipo hata katika vituo vingi vya afya vya kawaida.